Istilahi Kutoka Mgodini: Maisha ya Georgius Agricola (1494–1555)

1.0 Utangulizi

Katika mijadala ya istilahi, swali linaloulizwa mara nyingi ni lile la njia ya kuunda neno jipya: likopwe, litafsiriwe, liambatanishwe na jingine, au neno la zamani lipanuliwe maana? Lipo swali jingine ambalo kwa haki lilipaswa kutangulia, nalo huulizwa kwa nadra: wale wanaoifanya kazi yenyewe wana neno gani tayari, na wanapozungumza wao kwa wao hulitumia kwa maana ipi? Maisha ya Georgius Agricola, tabibu na mwanachuoni wa Ujerumani wa karne ya 16, ni maisha ya mtu aliyeanza na swali hili la pili. Jina lake linafahamika kwa sababu ya kitabu chake kikuu, De re metallica, kilichotoka mwaka 1556 na kuendelea kuwa mwongozo wa migodi na matanuri kwa takriban karne mbili. Lisilozingatiwa sana ni kwamba elimu iliyomo kitabuni humo ilijengwa juu ya mazungumzo. Msomi aliyebobea katika Kigiriki na Kilatini alikwenda kwa wachimbaji, akawasikiliza wakisema Kijerumani chao, na kila alipokutana na neno asilolijua akauliza maana yake.

Makala haya yanaeleza maisha ya Agricola kwa kuufuata upande huo. Inadaiwa humu kwamba kuuliza kwake kulimpa mambo ambayo vitabu havikuweza kumpa, na kwamba uamuzi wake wa kuyahamishia majibu katika Kilatini ulizaa deni ambalo yeye mwenyewe alilitambua na kujitahidi kulilipa. Kiasi gani alifanikiwa kulilipa ndilo jambo litakalopimwa kuelekea mwisho.

2.0 Kuzaliwa na Masomo

Agricola alizaliwa tarehe 24 Machi 1494 katika mji wa Glauchau, Saxony. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Georg Bauer. Baba yake alishughulika na biashara ya vitambaa, na nyumba yao haikuwa nyumba ya wasomi. Neno Bauer katika Kijerumani lina maana ya mkulima. Kwa mujibu wa desturi ya wasomi wa zama hizo, kijana huyo alipoingia katika ulimwengu wa elimu aliligeuza jina lake kuwa la Kilatini, na agricola ndilo neno la Kilatini lenye maana hiyo hiyo. Inaweza kusemwa, basi, kwamba neno la kwanza la Kijerumani alilolihamishia katika Kilatini lilikuwa jina lake mwenyewe.

Mwaka 1514 alijiunga na Chuo Kikuu cha Leipzig, akajifunza lugha za kale. Mwaka 1518 alikwenda Zwickau kufundisha, na mwaka 1520 alichapisha kitabu kidogo cha kufundishia sarufi ya Kilatini. Baada ya hapo alirudi Leipzig kuanza masomo ya utabibu, kisha akasafiri hadi Italia. Alikaa Bologna na Venice, na huko Venice alishiriki katika kazi ya uhariri kwenye nyumba ya uchapishaji iliyoanzishwa na Aldus Manutius. Kazi hiyo ilihusu maandishi ya Galen, tabibu wa kale, yaliyotolewa kwa Kigiriki mwaka 1525.

Kipindi hicho cha Italia kina uzito katika kuelewa yaliyofuata. Mhariri wa matini za kale hukaa na nakala kadhaa za maandishi yale yale, na mahali nakala zinapotofautiana hana budi kuamua ni neno lipi alilokusudia mwandishi. Kosa la herufi moja katika jina la dawa laweza kumfanya tabibu ampe mgonjwa kitu kingine kabisa. Agricola alizoea kulikagua neno kwa makini kabla ya kulikubali. Hata hivyo, palikuwa na kikomo cha kazi hiyo. Nakala za Kigiriki zingeweza kuthibitisha kwamba Galen aliandika jina fulani la jiwe. Hazikuweza kumwonyesha msomaji jiwe lenyewe.

3.0 Tabibu wa Joachimsthal

Agricola alirejea kwao mwaka 1526, na mwaka 1527 akapata kazi ya utabibu wa mji katika Joachimsthal, upande wa Bohemia wa milima inayopakana na Saxony. Mji huo leo unaitwa Jáchymov na uko katika Jamhuri ya Cheki. Wakati Agricola anafika, ulikuwa mji wa juzi tu. Fedha iligunduliwa katika bonde hilo karibu na mwaka 1516, na katika muda wa miaka michache watu walimiminika kwa maelfu. Sarafu kubwa za fedha zilizofuliwa hapo ziliitwa Joachimsthaler, jina lililofupishwa kuwa Thaler. Kutokana na jina hilo limepatikana neno dola, ambalo msemaji wa Kiswahili hulitumia bila kuhisi kwamba lina asili ya bonde moja la milimani. Thaler yenye sura ya Maria Theresa, mrithi wa mbali wa sarafu hizo, ilifika hata Oman na pwani ya Afrika Mashariki, ikatumika humo katika biashara ya karne ya 19.

Tabibu angeweza kuchagua mji mwingine wenye hewa nzuri na wagonjwa matajiri. Joachimsthal ilimvutia Agricola kwa sababu ya tatizo la kitaaluma. Vitabu vya Dioscorides, Galen na Plinio vilitaja dawa nyingi zilizotokana na madini. Matabibu wa karne ya 16 waliyajua majina hayo kwa moyo, lakini wengi wao hawakuweza kusema ni kitu gani hasa kilichokuwa kikitajwa. Wachimbaji, kwa upande wao, waliyashika mawe hayo kila siku na waliyapa majina yao, lakini hawakuyajua majina ya Kigiriki wala ya Kilatini. Upande mmoja ulikuwa na majina bila vitu, na upande wa pili ulikuwa na vitu vyenye majina yasiyopata kuandikwa katika vitabu vya wasomi. Agricola alikusudia kuzikutanisha pande hizo mbili. Muda wote asiokuwa akiwahudumia wagonjwa aliutumia migodini na penye matanuri ya kuyeyushia madini.

Ugumu wa kwanza ulikuwa lugha. Ingeweza kudhaniwa kwamba Mjerumani kutoka Saxony asingehitaji mkalimani miongoni mwa wachimbaji waliosema Kijerumani. Lakini Kijerumani cha mgodini kilikuwa na msamiati wake, na sehemu kubwa ya msamiati huo ilikuwa maneno ya kawaida yaliyopewa kazi nyingine. Neno Gang, lenye maana ya mwendo au njia, kwa mchimbaji lilikuwa mshipa wa madini unaopita ndani ya mwamba. Neno Schicht, lenye maana ya tabaka, lilikuwa pia zamu ya kazi. Neno Hund, yaani mbwa, lilikuwa kigari cha kusukumia mawe. Hapo ndipo ilipokuwa hatari. Neno geni kabisa humfanya msikilizaji asimame na kuuliza. Neno analodhani analijua humpitisha moja kwa moja mpaka kwenye kosa.

4.0 Bermannus: Kitabu cha Kuuliza

Matunda ya miaka hiyo yalitokea mwaka 1530, pale nyumba ya uchapishaji ya Froben katika mji wa Basel, Uswisi, ilipotoa kitabu kidogo kiitwacho Bermannus, pamoja na barua ya Erasmus ya kukisifu. Kitabu hicho kimeandikwa kwa njia ya mazungumzo. Watu watatu wanatembea katika milima ya Joachimsthal. Wawili kati yao ni matabibu: Ancon, ambaye amesoma zaidi waandishi wa Kiarabu, na Naevius, ambaye amewasoma Wagiriki na Warumi. Wa tatu ni Bermannus, mjuzi wa migodi, ambaye sura yake imechukuliwa kutoka kwa Lorenz Bermann, rafiki wa Agricola aliyefanya kazi katika shughuli za madini mjini humo.

Mpangilio wa wahusika unastahili kutazamwa kwa makini. Katika mazungumzo mengi ya kielimu ya zama zile, mwenye vitabu ndiye anayefundisha na asiye navyo ndiye anayeuliza. Hapa mambo yamegeuzwa. Matabibu wawili waliosoma ndio wanaouliza, na mtu wa mgodini ndiye anayejibu. Wanaliona jiwe, wanaambiwa jina lake la Kijerumani, wanauliza lina maana gani, kisha wanajaribu kukumbuka kama Plinio au Dioscorides alipata kulieleza jiwe la namna hiyo. Mara nyingine linapatikana jina la kale linalooana na jiwe. Mara nyingine halipatikani, na hapo ndipo kitabu kinapofikia jambo lake kubwa.

Mfano ulio wazi zaidi ni ule wa bismuthi. Wachimbaji walikuwa na neno Wismut, wakalitumia kwa metali waliyoitofautisha na risasi na vilevile na bati. Waliiita pia paa la fedha, kwa kuwa mara kwa mara fedha ilipatikana chini yake. Waandishi wa kale hawakuitaja, na mapokeo ya wasomi yaliihesabu idadi ya metali kuwa saba tu. Msomi wa kawaida angeamua kwamba wachimbaji wamekosea, kwa kuwa metali isiyomo vitabuni haiwezi kuwapo. Bermannus anatetea ujuzi wa wachimbaji: hiyo ni metali ya peke yake, na wa kale hawakuijua. Kwa maneno mengine, kuwapo kwa neno mahsusi vinywani mwa wafanyakazi kulichukuliwa kuwa ushahidi wa kuwapo kwa kitu mahsusi. Watu hawatunzi majina mawili kwa muda mrefu ikiwa kazi haiwalazimishi kutofautisha vitu viwili.

Mwishoni mwa kitabu iliwekwa orodha ya maneno iliyoandaliwa na Petrus Plateanus, mwalimu wa shule, ikiyalinganisha majina ya Kilatini na yale ya Kijerumani. Orodha hiyo ni fupi, lakini inaonyesha kwamba tangu mwanzo ilitambuliwa kuwa msomaji wa Kilatini peke yake asingeweza kurudi mgodini akaeleweka.

5.0 Safari za Maneno Matatu

Njia alizotumia Agricola kuyahamisha maneno ya wachimbaji zilikuwa mbalimbali, na kila moja ilikuwa na faida na hasara zake. Maneno matatu yatatosha kuonyesha jambo hilo.

La kwanza ni Fluss, lenye maana ya mtiririko. Wachimbaji na wayeyushaji waliliita hivyo jiwe la rangi nzuri, laini kuliko vito, ambalo likitiwa katika tanuri huyeyuka na kuifanya mbale, yaani mawe yenye metali, iyeyuke na kutiririka kwa urahisi zaidi. Jina lilitokana na kazi ya jiwe. Agricola alilitafsiri moja kwa moja: kwa kuwa Kilatini kina kitenzi fluere chenye maana ya kutiririka, aliyaita mawe hayo fluores. Tafsiri hiyo ilifaulu kupita kiasi. Kutokana nayo lilipatikana jina la madini ya fluoriti, kisha katika karne ya 19 jina la elementi ya florini, na mwaka 1852 George Stokes alilichukua jina la madini hayo kuunda istilahi ya mng'ao unaotolewa na baadhi ya vitu vinapomulikwa. Istilahi hizo zote zimejengwa juu ya jibu alilopewa tabibu kuhusu jiwe la kutia tanurini.

La pili ni Kobelt, ambalo leo huandikwa Kobalt. Wachimbaji waliliita hivyo jiwe lililofanana na mbale ya fedha lakini lisilotoa fedha, tena lenye kudhuru. Kwa kawaida jina hilo huhusishwa na Kobold, pepo mtukutu wa hadithi za Kijerumani. Hapa Agricola aliunganisha jina la wachimbaji na neno la kale, cadmia, ambalo tayari lilibeba vitu visivyofanana, yakiwemo masizi magumu ya tanuri za shaba. Ili kupambanua, alilazimika kuongeza vivumishi na kusema kuna cadmia ya tanurini na cadmia ya mgodini. Neno la mchimbaji lilikuwa na maana moja. Neno la msomi lilikuwa na maana kadhaa na likahitaji maelezo kila lilipotajwa. Historia iliamua upande wa mchimbaji: katika miaka ya 1730 Georg Brandt, mkemia wa Uswidi, alipoitambua metali mpya katika mawe hayo, lililobaki lilikuwa kobalti.

La tatu ni Hund, kigari cha mgodini. Agricola alilipeleka katika Kilatini kwa neno canis, yaani mbwa, lakini hakuliacha hivyo tu. Alieleza kwamba kigari hicho kinaposukumwa hutoa sauti ambayo wengine huiona kama kubweka, na kwamba ndiyo sababu ya jina. Maelezo ya namna hiyo hayapatikani kwa kutazama kigari kilichosimama. Yanapatikana kwa kuwauliza wanaokisukuma. Yawezekana kwamba maelezo hayo ni ya wachimbaji wenyewe na kwamba asili halisi ya neno ni nyingine. Kwa mwanaleksikografia thamani yake haipungui, kwa sababu yanaonyesha jinsi watumiaji wa neno walivyolielewa.

6.0 Chemnitz na Kitabu Kikuu

Mwanzoni mwa miaka ya 1530 Agricola alihamia Chemnitz, mji wa Saxony, akawa tabibu wa mji huo na kuishi humo hadi kufa kwake. Alikuwa na hisa katika mgodi mmoja wa fedha, na hisa hizo zilimletea kipato kizuri. Alichaguliwa kuwa meya wa Chemnitz mara nne, katika miaka ya 1546, 1547, 1551 na 1553. Katika miaka ambayo Saxony ilikuwa imeshika mafundisho ya Luther, yeye alibaki Mkatoliki, na bado alitumwa na watawala wa Kiprotestanti katika shughuli za serikali.

Uandishi haukukoma. Mwaka 1533 alitoa kitabu kuhusu vipimo na mizani za Wagiriki na Warumi, suala ambalo nalo lilikuwa la istilahi: tabibu asiyejua uzito uliokusudiwa na jina la kipimo hawezi kupima dawa. Mwaka 1546 ulitoka mkusanyiko wa vitabu kuhusu asili ya vitu vya chini ya ardhi, maji yatokayo ardhini, vitu vinavyochimbuliwa, na historia ya metali. Katika De natura fossilium aliyapanga madini kwa sifa zinazoweza kuonwa, kuguswa, kuonjwa na kunuswa, kama vile rangi, uzito, ugumu na ladha. Hizo ndizo sifa ambazo mchimbaji hutumia kulitambua jiwe gizani au kwenye mwanga hafifu wa taa. Mkusanyiko huo ulifungwa kwa faharasa ya Kilatini na Kijerumani, pana kuliko ile ya Plateanus, na safari hii iliandaliwa na Agricola mwenyewe.

De re metallica ilikuwa kazi ya zaidi ya miaka 20. Kitabu kina sehemu 12, kuanzia utetezi wa kazi ya uchimbaji dhidi ya wanaoidharau, kupitia utafutaji wa mishipa, upimaji, mashine za kuvuta maji na kuingiza hewa, hadi uyeyushaji na utenganishaji wa fedha na dhahabu. Katika dibaji mwandishi anaeleza kwamba ameacha nje yote ambayo hakuyaona mwenyewe, au hakuyasoma, au hakuyasikia kwa watu wa kuaminika. Anaeleza vilevile kwamba aliwalipa wachoraji ili maneno peke yake yasije yakamtatiza msomaji wa wakati wake au wa baadaye. Kitabu kina zaidi ya picha 250 zilizochongwa kwenye mbao. Ndani ya picha nyingi kila kifaa kimewekewa herufi, na herufi hizo zimefafanuliwa kando ya picha kwa kutaja jina la kila kifaa.

Utaratibu huo ni jibu la tatizo alilolijua vyema. Mamia ya vitu alivyovieleza havikupata kuwa na jina katika Kilatini, kwa sababu Warumi hawakuwa na vifaa hivyo. Agricola aliunda majina au aliyapa maneno ya kale maana mpya. Shimo la wima la mgodi, Schacht, alililiita kwa neno lenye maana ya kisima. Njia ya mlalo, Stollen, aliiita kwa neno litumikalo pia kwa sungura na mashimo yao. Kwa msomaji wa Paris au Bologna asiyepata kuona mgodi, maneno hayo yangeleta picha ya kisima na ya sungura. Herufi zilizo ndani ya mchoro zilifanya kazi ile ile iliyofanywa na kidole cha mchimbaji huko Joachimsthal: zilikionyesha kitu na kutaja jina lake.

Kwa nini basi hakuandika kwa Kijerumani? Kilatini kilimpa wasomaji katika nchi zote za Ulaya, na kiliipa kazi ya mikono heshima miongoni mwa wasomi walioiona kuwa duni. Mnamo mwaka 1500 hivi Ulrich Rülein alikwisha kutoa kijitabu cha migodi kwa Kijerumani, na Agricola alikifahamu. Hakuchagua Kilatini kwa kudhani kwamba Kijerumani hakiwezi kuieleza kazi hiyo. Masikio yake yalikuwa yamemthibitishia kwamba kinaweza kuliko Kilatini.

7.0 Ugonjwa wa Wachimbaji

Katika sehemu ya sita ya kitabu hicho, baada ya mashine, Agricola anageukia magonjwa na ajali za wachimbaji. Hapo sauti ya tabibu inasikika wazi. Anaeleza vumbi kavu linaloingia kifuani na kuyala mapafu. Anataja kwamba katika milima ya Karpati walikuwako wanawake walioolewa na wanaume saba mmoja baada ya mwingine, wote wakiwa wamekufa kwa ugonjwa huo. Anaitaja pia cadmia ile ya mgodini, ambayo ikilowa hula miguu na mikono ya wafanyakazi na kudhuru mapafu na macho. Anashauri viatu virefu vya ngozi, glavu zinazofika kwenye kiwiko, na vitambaa vya kufunika uso.

Sehemu hii inaonyesha kwa nini suala la maana ya neno halikuwa mchezo wa wasomi. Tabibu anayelijua jina cadmia kwa kulisoma tu alilijua kama dawa ya macho na vidonda. Mchimbaji anayesema Kobelt alikuwa akitaja kitu kinachomla vidole. Tabibu wa aina hiyo angempaka mgonjwa wake kitu kisicho salama, na angemsikiliza mchimbaji bila kutambua kwamba anaelezwa chanzo cha ugonjwa. Swali la kawaida, neno hilo lina maana gani, lilikuwa sehemu ya uchunguzi wa kitabibu.

8.0 Kifo, na Neno Linaporudi Nyumbani

Muswada wa De re metallica ulikamilika mwaka 1550, lakini uchongaji wa picha ulichukua miaka. Agricola alifariki Chemnitz tarehe 21 Novemba 1555, miezi michache kabla kitabu hakijatoka. Mji aliouongoza ulikataa azikwe humo kwa sababu ya dini yake, na mwili wake ulipelekwa Zeitz kuzikwa katika kanisa kuu la huko.

Mwaka 1557 ilitoka Basel tafsiri ya Kijerumani iliyofanywa na Philipp Bech. Ingetarajiwa kwamba tafsiri hiyo ingekuwa rahisi, kwa kuwa dhana nyingi za kitabu zilizaliwa katika Kijerumani na zilikuwa zinarejea kwao. Haikuwa hivyo. Bech alikuwa msomi wa chuo kikuu na hakuwa mjuzi wa migodi. Alikuwa na Kilatini cha Agricola mbele yake, lakini hakuwa na Kijerumani cha wachimbaji masikioni mwake, na mahali pengi hakulirejesha neno lililokusudiwa. Maneno yaliyotoka Joachimsthal yakiwa hai yaliwafikia Wajerumani yakiwa yamepotoka. Faharasa zilizokusudiwa kuwa daraja la kurudia zilikuwapo, lakini daraja halimsaidii asiyeijua ng'ambo.

Tafsiri ya Kiingereza ilitoka London mwaka 1912. Waliofanya kazi hiyo walikuwa mume na mke: Herbert Hoover, mhandisi wa migodi ambaye baadaye alikuwa rais wa Marekani kuanzia 1929 hadi 1933, na Lou Henry Hoover, aliyekuwa na shahada ya jiolojia na ujuzi wa Kilatini. Iliwachukua takriban miaka mitano. Mahali ambapo istilahi za Agricola zilishindikana kwa kamusi, walilazimika kwanza kuuelewa utendaji wenyewe wa kazi, na baadhi ya mambo waliyapima kwa majaribio. Waliitathmini tafsiri ya Bech kwa ukali, wakaeleza kwamba mtafsiri hakuijua elimu aliyoitafsiri. Ni dhahiri kwamba kilichowafaulisha wao si kujua Kilatini zaidi yake. Mmoja wao alikuwa ameingia mgodini, na wote wawili walijua kwamba nyuma ya kila neno la Agricola kuna mtu aliyekuwa akishika chombo fulani.

9.0 Hitimisho

Maisha ya Agricola yana mafunzo mawili kwa taaluma ya istilahi. La kwanza ni kwamba msamiati wa wafanyakazi hubeba upambanuzi uliotokana na haja, na kwa hiyo ni ushahidi wa kitaaluma. Bismuthi ilikuwa na jina mgodini kabla haijapewa nafasi kitabuni. La pili ni kwamba anayelichukua neno kutoka kwa wenyewe na kulipeleka katika lugha wasiyoisema hubaki na deni. Agricola alijaribu kulilipa kwa faharasa, kwa michoro na kwa kueleza sababu za majina. Yote hayo yalisaidia. Yalishindwa pale tu kazi ilipoangukia mikononi mwa mtu asiyekuwa tayari kwenda kuuliza tena.

Suala hili halijapitwa na wakati katika Afrika Mashariki. Wachimbaji wadogo wa dhahabu nchini Tanzania husema duara kwa shimo lao la kuchimbia, karasha kwa mashine ya kusagia mawe, na marudio kwa mchanga uliokwisha kuoshwa ambao bado una dhahabu ya kutolewa. Neno marudio limeundwa kwa mofolojia ya Kiswahili, lina maana mahsusi, na lilipatikana bila kikao chochote. Kamati ya istilahi itakayoketi kutafuta jina la mchanga huo kwa kuanzia na kamusi ya Kiingereza itakuwa imepita njia ya Bech. Njia ya Agricola ni ndefu zaidi na ina vumbi, lakini huanza mahali ambapo neno linatumika.